Kushona Kinyago cha Kitambaa kwa Vazi Lako la Kwanza la Kosplei

Karibuni, watazamaji wangu. Leo tunashona kinyago cha kitambaa kinachofunika kichwa chote, kwa ajili ya kosplei, yaani kuvaa kama mhusika wa filamu au katuni, na ninaanza nacho kabla ya vazi lenyewe kwa sababu mwili husamehe mshono uliopinda, lakini uso hausamehi. Kwa mwili, fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana zenye rangi ya mhusika wako zinatosha kwa mara ya kwanza.

Chagua kitambaa cha spandeksi kinachovutika kwa urefu na kwa upana. Nusu mita inakutosha. Ifue kwanza, ikauke, ndipo uikate. Kwenye cherehani weka sindano ya vitambaa vya kuvutika, namba 75, ambayo ncha yake ya mviringo hupita kati ya nyuzi bila kuzikata, kwa maana sindano ya kawaida huruka mishono.

Patani, yaani kiolezo cha kukatia kitambaa, tunaitoa kichwani mwako mwenyewe. Bana nywele, kisha mwombe mtu akuzungushie plastiki nyembamba ya kufunikia chakula na juu yake selotepu ya karatasi. Pua na mdomo vibaki wazi muda wote, wala usifanye kazi hii ukiwa peke yako. Achore mstari kutoka chini ya kidevu, kupitia katikati ya uso na utosini, hadi kisogoni, kisha aikate plastiki upande wa nyuma kwa mkasi wenye ncha butu. Igawe kwenye mstari huo na utandaze nusu moja juu ya karatasi, ukiichanja pembeni pale inapokataa kulala. Jazia kwa kalamu sehemu ya pua na mdomo, punguza upana kwa asilimia 10 hivi ili kinyago kibane, halafu ongeza sentimita 1 ya mshono.

Sasa tunakata vipande viwili. Naomba nisimame kidogo, kwa sababu katika kioo cha kamera naona kwamba vipande vyangu vyote viwili vinaelekea upande mmoja. Sikukikunja kitambaa. Kikunje, pande nzuri zitazamane, ukate vyote kwa pamoja, nawe utapata wa kulia na wa kushoto. Ninakata kingine, kisha tunaendelea.

Unganisha mstari wa kati kwa mshono wa zigizaga, upana milimita 1 na urefu milimita 2.5, na uache kitambaa kitembee chenyewe bila kukivuta. Kisogoni acha nafasi ya zipu ya sentimita 20. Zipu mimi huishona kwa mkono, kwa kuwa napenda kuona kila mshono unakolala, na spandeksi haipati nafasi ya kujikunja chini ya mguu wa cherehani.

Tumefika machoni, na hapa nawasihi mnisikilize. Usikate matundu ya macho kitambaa kikiwa mezani. Kinyago changu cha kwanza nilikipimia kwenye karatasi, nikakata matundu kamili, na nilipokivaa kitambaa kilivutika, matundu yakafika kwenye nyusi, kazi ya siku mbili ikapotea. Kivae kwanza, funga zipu, simama mbele ya kioo, chora kwa chaki umbo la macho, kisha ukivue. Ndani ya mstari huo kata kitundu kidogo sana, ukiacha milimita 5 kila upande. Kivae tena, utazame, ukivue, upanue kidogo. Narudia: kivae, utazame, ukivue, ndipo ukate, kwa sababu kitambaa kilichokatwa hakirudi. Hata ukiwa na haraka, usikate mezani.

Nyuma ya matundu shona neti. Ukitaka macho meupe, ipake rangi nje tu na uache ndani iwe nyeusi, kwa kuwa upande mweusi haurudishi mwanga machoni, nawe utaona vizuri zaidi.

Kabla ya kutoka nacho, kivae nyumbani kwa robo saa, upande na kushuka ngazi taratibu huku ukishika ukingo. Pumzi ikibana, kivue mara moja, ufumue mshono chini ya kidevu, uushone upya ukiuachia nafasi zaidi, na ukijaribu tena.