Bastola zangu za baruti nyeusi: jibu kwa wanaouliza bei, kibali, na lini nitakuja nazo

Habari zenu, ndugu zangu mlioko nyumbani na mlioko huku ughaibuni. Video hii sikuipanga. Nilikusudia kuzungumzia kodi ya nyumba, lakini tangu nilipoweka kipande kile kifupi cha video nikiwa na bastola kwenye uwanja wa shabaha, kila nikifungua maoni nakutana na swali moja linaloulizwa kwa namna mbalimbali: "Kaka, bastola umeipataje Uingereza, nchi ambayo hata polisi wake wengi hawabebi silaha?" Mwingine anataka bei. Mwingine, na hawa ndio wengi, anauliza nitakuja nayo lini likizo. Najua yupo atakayesema najidai, na yupo atakayesema nalalamika ilhali niko Ulaya. Wote wawili nawaomba wasikilize kwanza, kisha waandike wanachotaka.

Tuelewane kwanza tunazungumzia kitu gani. Ninazo rivolva mbili, yaani bastola zenye silinda inayozunguka, zote mpya, zilizotengenezwa katika mkoa wa Brescia, Italia. Moja ni ya kiwanda cha Uberti, nakala ya Colt Navy, bastola ya Kimarekani ya 1851; nyingine ni ya Pietta, nakala ya Remington ambayo wauzaji huiita ya 1858 kwa sababu ya tarehe ya hataza (haki ya mvumbuzi) iliyochongwa kwenye mtutu, ingawa bastola yenyewe ilianza kutengenezwa kwa wingi wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Hazitumii risasi za ganda. Kila chumba cha silinda hujazwa kwa mkono: baruti, kisha gololi ya madini laini ya risasi, kisha fataki, yaani kikofia kidogo cha kuwashia baruti, nyuma yake.

Hiyo ndiyo sababu ya kisheria ya mimi kuwa nazo. Machi 1996, mtu mmoja aliingia katika shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, akaua watoto 16 na mwalimu wao kwa bastola alizozimiliki kihalali. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria mbili, moja baada ya nyingine, na bastola za kawaida zikaondolewa mikononi mwa raia wa Uingereza, Scotland na Wales. Zilizobaki ni chache, na miongoni mwake ni zile zinazoshindiliwa kupitia mdomo wa mtutu au wa silinda. Nadhani sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kumwona mtu akiijaza moja polepole. Lakini kubakizwa si kuachiwa huru. Bado naihitaji leseni ile ile, yaani cheti cha silaha, anayoihitaji mwenye bunduki ya kisasa ya kulenga shabaha, na kila bastola huandikwa kwenye cheti changu kwa aina yake na kaliba yake (upana wa tundu la mtutu, kwa inchi) kabla sijaenda dukani.

Hapa pana jambo linalonichekesha na kunikera kwa pamoja. Colt halisi ya 1851, iliyotoka kiwandani Hartford au katika kile kiwanda ambacho Samuel Colt alikifungua London mwaka 1853, kwa sheria za hapa inaweza kuhesabiwa kuwa kitu cha kale, ukaitundika ukutani kama pambo bila cheti chochote, mradi hukusudii kuifyatua. Nakala yake iliyotoka Italia mwaka juzi haiwi ya kale hata ikikaa miaka mia, kwa hiyo hiyo inataka cheti, kabati la chuma na afisa wa polisi sebuleni kwangu. Ile halisi huuzwa kwa maelfu ya paundi, hii nakala kwa mamia machache. Basi aliye na fedha nyingi anaweza kukaa bila karatasi, na sisi tulioshika nakala tunajaza fomu. Wenzetu wa Marekani hawana habari hii. Sheria yao ya 1968 haizihesabu nakala hizi kuwa silaha za moto katika ngazi ya taifa, na binamu yangu aliyeko Texas aliagiza yake ikaletwa mlangoni pamoja na viatu vya watoto. Hata huko majimbo hutofautiana, kwa hiyo usimnukuu binamu yangu mbele ya hakimu.

Sasa makaratasi, na mnivumilie hapa.

Hatua ya kwanza ni klabu. Hupewi cheti kwa sababu unaipenda bastola. Lazima uwe na sababu ya msingi, na kwa mtu wa shabaha sababu hiyo ni uanachama katika klabu iliyoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Ndani. Unaingia kama mwanafunzi kwa muda usiopungua miezi mitatu, unatumia silaha za klabu chini ya usimamizi, na wazee wa klabu wanakutazama. Hawatazami shabaha yako tu, wanatazama tabia yako. Sehemu hii sina manung'uniko nayo. Wazee wale walinipokea vizuri, na mmoja wao ndiye aliyenifundisha kusubiri bila kunyanyua mtutu pale fataki inapolia na baruti isiwake.

Hatua ya pili ni wadhamini wawili, wanaokufahamu kwa miaka miwili au zaidi, wakazi wa hapa, wasiwe ndugu zako. Mmoja lazima atoke klabuni. Wa pili ndiye aliyenisumbua. Nilimwendea Mtanzania mwenzangu ambaye nimekula naye pilau kwenye harusi na misiba ya watu wetu wote wa mji huu, akaniambia waziwazi kwamba maombi yake ya ukaazi bado yako mezani na hataki jina lake lionekane kwenye karatasi yoyote inayotaja bunduki. Simlaumu. Ila mlioko nyumbani mnaodhani sisi huku tunaogopa baridi tu, fahamuni kwamba tunaogopa karatasi kuliko baridi. Hatimaye aliyenidhamini ni jirani Mwingereza, mstaafu wa reli, ambaye hata chai hatujawahi kunywa pamoja zaidi ya juu ya ua.

Kisha nikaombwa cheti cha tabia njema kutoka nyumbani, kwa kuwa nilikuwa nimeishi huko utu uzima wangu mwingi. Ndugu zangu, sitaitaja ofisi. Mdogo wangu alikwenda na alama zangu za vidole zilizopigwa huku, akaambiwa mtandao haupo. Akarudi, akaambiwa jina kwenye pasipoti lina herufi moja ambayo haimo kwenye cheti cha kuzaliwa, akale kiapo. Akala kiapo kwa wakili, akarudi, yule aliyelishika faili yuko likizo. Polisi wa Uingereza, ambao ndio wenye sababu ya kunishuku, walinisubiri kwa adabu. Kwetu, ambako nilikuwa naomba waseme tu kwamba sijawahi kufungwa, ndiko nilikocheleweshwa kuliko hatua nyingine zote. Haya nayo mtasema naitukana nchi. Naeleza foleni, na foleni hiyo wengi wenu mnaijua kuliko mimi.

Daktari wa familia naye huandika taarifa ya afya yako, mwili na akili, na hulipwa kiasi anachojipangia mwenyewe. Afisa wa leseni anakuja nyumbani kukagua kabati la chuma lililofungwa ukutani na kuuliza maswali ambayo mengine humhusu mke wako. Cheti kikitoka hudumu miaka mitano. Ada ya cheti kipya ilikuwa paundi 88. Tangu Februari 2025 ni paundi 198, yaani zaidi ya laki tano za Kitanzania, na hapo bado hujanunua hata fataki moja. Baruti nayo ina cheti chake, kwa kuwa baruti nyeusi ni kilipuzi kisheria, na huhifadhiwa katika sanduku la mbao lenye vyumba, mbali na silaha. Fataki ziliadimika baada ya 2020 na bei yake haijarudi ilikokuwa.

Baba mdogo alipoona kile kipande cha video alinipigia simu akaniuliza, kama pesa za bastola zipo, ada ya mwanawe imenishinda nini. Ada nililipa, na nililipa kabla ya bastola, na risiti iko kwenye simu yake. Nasema hadharani kwa sababu naye alisema hadharani, kwenye kundi la ukoo.

Kwa anayedhani hiki ni chombo cha kujilinda na wezi, nieleze kinavyojazwa. Nyumbani napima baruti katika vichupa vidogo, kila kimoja mkupuo mmoja, kwa sababu uwanjani hairuhusiwi kumimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa kubwa. Kwenye meza ya uwanja, mtutu ukielekea shabaha, namimina kichupa kimoja katika chumba cha silinda. Juu yake naongeza semolina, suji ile ile ya jikoni, ili gololi ikae karibu na mdomo wa chumba badala ya kuzama. Gololi huwa kubwa kidogo kuliko tundu. Ninapoishindilia kwa wenzo ulio chini ya mtutu, kingo za chumba huikata pembeni na kuacha pete nyembamba ya risasi inayong'aa, ambayo naiondoa kwa ukucha. Pete ikiwa kamili, najua chumba kimezibwa sawasawa. Napaka grisi ya nta juu ya kila gololi, ili ukoko unaoachwa na baruti ubaki laini na moto usiruke kwenda chumba cha jirani. Fataki huja mwisho kabisa. Mwizi angekuwa ameshauza televisheni yangu.

Ukifyatua, moshi mweupe mzito unakufunika pamoja na harufu ya mayai viza, na unangoja uondoke ndipo uione shabaha. Katika shindano la kimataifa la nakala za rivolva, lile liitwalo Mariette, unapewa dakika 30 kwa mapigo 13 kutoka mita 25, na kumi bora ndiyo yanayohesabiwa. Ukisikia dakika 30 unaona ni nyingi. Si nyingi, hasa kwa mwenye Colt, kwa sababu fataki iliyopasuka hupenda kudondosha vipande vyake ndani ya mashine na kuikwamisha silinda. Tena Colt hupiga juu: kilengeo chake cha nyuma ni mkato tu kwenye nyundo, nacho kiliwekwa kwa umbali mkubwa kuliko mita 25, hivyo nalenga chini ya duara jeusi ili nilipate. Remington ina paa la chuma juu ya silinda, ni imara zaidi, nayo ndiyo ninayoshindania. Colt naipenda tu.

Kuna mtu wa Tanga aliyeandika kwamba huu ni mchezo wa wazungu usiotuhusu. Namkumbusha kuwa Novemba 1914, pale pale kwao, askari wengi wa jeshi la Wajerumani walipigana wakiwa na bunduki za Mauser za modeli ya 1871, za baruti hii hii ya moshi, dhidi ya adui mwenye bunduki za kisasa. Kila aliyefyatua alijionyesha alipo. Mababu walikuwa ndani ya moshi huu, tena bila kuulizwa kama wanapenda.

Bastola ninayoitafuta sasa, na nafasi yake ya kaliba .36 tayari imeandikwa kwenye cheti, ni nakala ya Griswold & Gunnison. Kiwanda chake kilikuwa Griswoldville, jimbo la Georgia, kikaanza kutengeneza rivolva mwaka 1862 kwa ajili ya jeshi la Kusini katika vita vile vya Marekani. Chuma kilikuwa adimu, wakatumia shaba kwa fremu. Wengi wa mafundi walikuwa watu weusi waliokuwa watumwa. Mikono yao ilizitengeneza, kisha zikaenda vitani kuulinda utumwa wao wenyewe. Novemba 1864 wapanda farasi wa Kaskazini walikichoma kiwanda. Klabuni wapo wanaoshangaa kwamba mimi, kati ya watu wote, naitaka bastola ya upande ule. Naitaka kwa ajili ya waliozitengeneza, ambao majina yao hayakuchongwa popote kwenye fremu. Nitaijaza baruti kidogo, maana fremu ya shaba hulegea ikishindiliwa sana. Kinyume chake, zile "Navy" za kaliba .44 zinazojaa madukani sizigusi, kwa sababu Colt hakuwahi kutengeneza Navy ya 1851 yenye kaliba hiyo. Ni ubunifu wa wauzaji.

Jioni ndiyo kazi. Zaidi ya nusu ya uzito wa baruti nyeusi haigeuki gesi, inabaki kama ukoko unaovuta unyevu, na ukilala na bastola chafu unaamka na kutu. Naifungua yote, naiosha kwa maji ya moto na sabuni, naikausha, naipaka mafuta. Mke wangu ameshatangaza kwamba sinki la jikoni si la kazi hiyo, kwa hiyo naifanyia nje kwenye beseni, hata mvua ikinyesha.

Kuhusu kuja nazo: siji nazo. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kuingiza silaha bila kibali ni kosa, iwe inajazwa kwa suji au kwa kitu kingine. Mnajua wenyewe jinsi polisi wanavyowahimiza wananchi kusalimisha magobore. Sitakuwa mimi wa kuliongeza moja kupitia uwanja wa ndege. Mjomba aliyeomba ya kulindia shamba, shikamoo, na jibu ni hilo hilo.

Kwa aliyeko huku na anayetaka kweli kuanza, niseme yaliyonifaa mimi, na hali yako inaweza kuwa nyingine kabisa kulingana na ukaazi wako, rekodi yako na polisi wa eneo lako. Usinunue kitu. Piga simu klabuni, uliza kama wana watu wa baruti nyeusi, maana klabu nyingine hawana, na chama cha Muzzle Loaders Association of Great Britain kitakuelekeza. Anza kulitafuta lile jina la mdhamini wa pili mapema, na kama vyeti vyako vya nyumbani vina herufi zinazogombana, zipatanishe kabla hujaombwa. Aliyeko Belfast asinisikilize kabisa, kwa sababu Ireland ya Kaskazini ina sheria yake ya silaha, na mimi huko sijawahi kujaza fomu.