Nimefika kota alimozaliwa Livingstone

Haya wapendwa, mnanisikia? Upepo wa huku hauna adabu. Leo nimepanda treni kutoka Glasgow, si mbali, niko Blantyre ya Uskoti. Ngoja nigeuze kamera... mnaliona lile jengo jeupe la ghorofa? Hizo ni kota za wafanyakazi wa kiwanda. Kota kabisa, kama za mashamba ya mkonge kule Tanga. Familia 24, kila moja na chumba chake kimoja, watoto wote humohumo. Mwaka 1813 akazaliwa hapo David Livingstone. Ndiyo, huyuhuyu wa Ujiji.

Kiwanda cha nyuzi za pamba kilianza 1785, kikizungushwa na maji ya mto huu, Clyde. Mtoto wa miaka 10 anaingia saa 12 asubuhi, anatoka saa 2 usiku, kutwa anaunga nyuzi zinazokatika. Livingstone alikuwa akiegemeza kitabu kwenye mashine, kila akipita anasoma sentensi moja. Akitoka hapo, shule ya usiku.

Sasa kuna jambo limenikaa kooni. Ile pamba ililimwa na watumwa ng'ambo ya Atlantiki. Kwa hiyo mtu aliyekuja kwetu kupigia kelele biashara ya watumwa ikomeshwe, mshahara wake wa kwanza ulitoka kwenye jasho la watumwa. Shuleni hili sikufundishwa.

Baadaye yakaja makaa ya mawe. Tarehe 22 Oktoba 1877 gesi ililipuka kwenye machimbo ya kampuni ya Dixon hapahapa Blantyre, wakafa wanaume na wavulana 207. Na nyumba zilikuwa za kampuni, basi haikupita hata mwaka wajane 34 wakashtakiwa ili wahame. Mume kazikwa, wewe unaletewa samansi!

Kiwanda kilifungwa 1904. Mnaangalia kilichobaki: nyasi, mto, na hizi kota, nazo zilikuwa zimechakaa vibaya hadi watu wakachanga pesa, zikawa makumbusho mwaka 1929. Bila jina la yule mtoto aliyeondoka, nadhani hata hizi zisingekuwepo. Waliobaki wakisokota nyuzi, nani anawajua?

Mimi ni wa Bagamoyo, kwetu ndiko Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, walikofikisha mwili wake 1874, wakitembea kutoka Zambia ya leo. Bibi, najua unaangalia kwenye simu ya Mwanaidi. Uliniagiza jiwe la huku. Hili hapa, nimeliokota ukingoni. Lina baridi kama barafu!