Chuma Kile Nyuma ya Zizi Kilikuwa cha Kazi Gani?

Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi vijana wa chuo, habari za asubuhi. Nimekuja kuzungumza habari ya chuma kimoja tu, maana kimenifundisha mengi.

Kiko katika kijiji kimoja wilayani Muheza, nyuma ya zizi la mbuzi, mahali palipokuwa shamba la mkonge kabla sijazaliwa. Ni gurudumu zito, ukisimama kando yake linakufika kifuani, na uso wake una upana wa kama shubiri moja. Kwenye uso huo vimefungwa kwa boliti vipande bapa vya shaba ya manjano, vimekingama kimoja baada ya kingine kuzunguka gurudumu zima, mfano wa ngazi iliyokunjwa ikawa duara. Mbele yake kuna bamba nene lililopinda kufuata duara hilo, karibu liguse. Ubavuni kuna puli ya mkanda. Hakina mpini, hakina mdomo wa kumiminia kitu, hakina chekeche.

Nilipofika, kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja alisema ni mashine ya kusaga. Mwingine, mfugaji, alisema ni ya kukatia majani ya ng'ombe. Yupo aliyesema pamba. Na vijana wawili walishika lao: hii ni mali ya Mjerumani, ndani ya ekseli mna zebaki. Hao walikuwa wameshaanza kuikata kwa msumeno. Alama ipo mpaka leo, imeingia chumani kina cha kucha. Iliniuma, nawaambieni kweli, maana ekseli ile ni chuma kitupu na haikuwahi kubeba siri yoyote zaidi ya uzito wa gurudumu.

Sasa, mtu anaanzia wapi? Mimi nimekuwa fundi mitambo maisha yangu yote, na nikikutana na kitu nisichokijua siulizi kinafanana na nini. Naangalia palipoguswa. Kitu kilichofanya kazi miaka mingi hakichakai ovyo, kinachakaa pale kazi ilipopita.

Tuanze na lile jibu la majani ya ng'ombe. Nilipitisha kidole gumba kwenye ukingo wa shaba, taratibu, kutoka mwisho huu hadi ule. Hauna makali na haukuwahi kuwa nayo. Ni ukingo mnene, butu, uliotengenezwa uwe butu. Anayetaka kukata hafungi kisu butu, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kupiga na kukwangua. Pamba nayo inataka meno madogo au roli za kuvuta nyuzi, hapa havipo. Na kusaga? Kinachosagwa lazima kizuiwe mpaka kiwe unga, lakini chini ya gurudumu hili pako wazi kabisa, ndoo nzima inapita.

Kisha nikajiuliza, kwa nini shaba? Shaba ni ghali. Hakuna mwenye shamba anayeweka shaba mahali ambapo chuma kingetosha, ila kama kuna maji makali yanayokula chuma. Waliokata mkonge hapa wanajua utomvu wake unavyowasha ngozi. Unaiwasha ngozi na unakila chuma pia.

Nyuma ya bamba lililopinda kuna boliti mbili ndefu za kulisogeza mbele na nyuma. Nilikunja karatasi ngumu mara mbili nikaipitisha kwenye uwazi, ikapita kwa kubanwa. Yaani kilichopita hapo ni kitu bapa na kirefu, na unene wake mtu aliupima kwa uangalifu.

Bado sikutaka kusema. Tukaomba majembe, tukafyeka na kuchimba chini ya gurudumu. Kiasi cha mkono mmoja kwenda chini tukakuta mfereji wa saruji, mpana, unateremka kuelekea bondeni. Hapo nikakaa chini. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, singa kavu, yaani nyuzi zake, ni kama kilo 4 tu. Zilizobaki ni maji na makapi, na yote hayo lazima yaende mahali. Uwazi ule wa chini na mfereji ule ni kitu kimoja. Ndiyo maana nawasihi, mtambo wa zamani msiusome peke yake, usomeni pamoja na ardhi uliyokaa. Ukiuhamishia uani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, nusu ya maelezo umeyaacha shimoni.

Basi ni mashine ya kusinga mkonge, yaani kukwangua jani zibaki nyuzi, ile ndogo ya kulishwa kwa mkono, iliyotangulia korona, mashine kubwa ya kusinga. Aina hii ilibuniwa Yucatán, Mexico, miaka ya 1850, na huko jina linalotajwa zaidi ni la José Esteban Solís. Kwetu mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani. Vikonyo 1,000, yaani miche midogo ya mkonge, vilisafirishwa kutoka Florida kupitia Hamburg, na vilivyofika hai vikapandwa Pangani vilikuwa 62. Korona ilipokuja, kamba zilishika jani na kulipitisha zenyewe, ngoma ya kwanza ikasinga upande mmoja na ya pili upande wa pili. Wenye mashamba madogo waliendelea na hizi za mkono, hasa bei ya katani ilipopanda sana wakati wa vita vya Korea, 1950 na 1951.

Lakini kitu kimoja chuma hakikuniambia. Vile vipande vya shaba vimelika zaidi upande wa kushoto, na sikujua kwa nini. Wakanipeleka kwa babu mmoja aliyekuja zamani na manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, kutoka Kigoma. Macho yake hayaoni vizuri sasa. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaomba apelekwe, akaligusa gurudumu, akanishika bega na kunisogeza.

"Simama huku mwanangu, hapo utaachwa bila mkono."

Akasimama kwa ubavu, mguu wa kushoto mbele. Akasukuma jani lisilokuwepo mpaka nusu, akalivuta, akaligeuza, akashika singa zilizokwisha safishwa, akasukuma nusu ya pili. Kila jani, mara mbili, na mwili umekaa pembeni ili mtu akivutwa aangukie nje. Kwa hiyo jani liliingia daima upande ule ule.

"Zikiwa zimelowa zinateleza," alisema, "basi watu walikuwa wanazizungusha mkononi. Usizungushe. Shika tu, na ikitaka kwenda, iache iende."

Akarudia kufungua vidole, mara tatu nne, kunionyesha.

Meza ya kulishia haipo, ilikuwa ya mbao na mchwa wamemaliza. Natengeneza nyingine, na kimo chake kinanisumbua. Babu alionyesha chini kidogo ya kitovu, lakini matundu ya boliti yananipa juu zaidi. Wazee wa Korogwe na Pangani mlioko hapa, aliyewahi kusimama mbele ya meza ile, naomba tukitoka nje anionyeshe kwa mkono ilimfika wapi.