Tamthilia ya Uhamiaji Isiyo na Mhamaji: Maneno Kabla ya Usomaji wa Jukwaani

Mwenyekiti, walimu wangu, wanafunzi, nanyi mliovutwa na tangazo la pale mlangoni, hamjambo.

Nimepewa muda mfupi kabla wasomaji wetu wanne hawajaketi. Leo hamtaona maleba wala pazia. Kuna viti, karatasi mikononi, na mtu wa tano atakayesoma maelekezo ya jukwaani. Najua humu ndani wamo wanaoamini kwamba usomaji wa namna hii ni onyesho lisiloiva, jambo linalofanywa pale fedha zinapokosekana. Kwa tamthilia nyingi nakubaliana nao. Kwa hii ya leo nabisha, na ubishi huo ndio mhadhara wangu wote.

Tamthilia inaitwa Jag ringer mina bröder, yaani Nawapigia Simu Ndugu Zangu. Ameiandika Jonas Hassen Khemiri, aliyezaliwa Stockholm mwaka 1978, mama yake Mswidi, baba yake Mtunisia. Chimbuko lake ni Jumamosi ya tarehe 11 Desemba 2010. Watu walikuwa katika pilikapilika za kununua zawadi za Krismasi, gari likalipuka karibu na Drottninggatan, mtaa wa maduka katikati ya jiji. Dakika chache baadaye, jirani na hapo, mtu mmoja akajilipua. Aliyekufa ni yeye peke yake. Mwezi huohuo Khemiri alichapisha andiko fupi katika gazeti la Dagens Nyheter. Likakua, mwaka 2012 likawa kitabu, mwaka 2013 likapanda jukwaani.

Mhusika mkuu, Amor, anazunguka jijini baada ya mlipuko. Ana kazi ndogo tu ya kufanya: binamu yake Ahlem amemwomba akabadilishe kichwa cha drili kilichoharibika. Basi, safari ya tamthilia nzima ni hiyo, kwenda dukani na kurudi. Simu yake haitulii. Shavi, rafiki wa tangu utotoni, amepata mtoto na hana habari nyingine duniani. Yupo Valeria, ambaye Amor amempenda miaka mingi bila kupendwa. Yupo hata mwanamke wa chama cha kutetea wanyama anayepiga kuomba msaada. Na katikati ya hayo yote Amor anajitahidi kutembea kama mtu wa kawaida. Jaribuni, mkitoka hapa, kutembea kama mtu wa kawaida huku mkijua mnatazamwa. Miguu inasahau kazi yake.

Tazameni sasa: hii ni tamthilia ya uhamiaji, lakini ndani yake hakuna anayehama. Hakuna mashua, hakuna hema, hakuna afisa wa mpakani. Jukwaa la Ulaya linaipenda sana mashua, nami nakiri inaanza kunichosha, kwa sababu ikishafika nchi kavu mtazamaji anadhani hadithi imekwisha. Khemiri anaanzia kizazi kimoja baada ya hapo. Waliosafiri ni wazazi. Watoto wao wamekulia palepale, wengi katika vitongoji kama Rinkeby na Tensta, vilivyojengwa chini ya mpango wa serikali wa nyumba milioni moja kati ya 1965 na 1974. Kiswidi chao ni cha kuzaliwa nacho. Swali la “umetoka wapi” linawakuta wakiwa kwao.

Wala hilo halikuwa jambo la kubuni. Mwaka huohuo wa 2013 polisi walikuwa wakikagua vitambulisho katika vituo vya treni za chini ya ardhi mjini Stockholm, na wengi waliosimamishwa walilalamika kwamba walichaguliwa kwa sura. Khemiri alimwandikia barua ya wazi waziri wa sheria, Beatrice Ask, akimwomba wabadilishane ngozi kwa muda. Barua ile ilisambaa nchi nzima. Wageni takriban 163,000 walioomba hifadhi Sweden mwaka 2015 walikuwa hawajafika bado. Nalisema hili kwa sababu siku hizi kila tamthilia ya Kiswidi yenye jina la Kiarabu ndani yake husomwa kana kwamba inahusu 2015. Hii ilitangulia.

Turudi kwenye viti vyetu. Mwongozaji anayeandaa onyesho kamili analazimika kuamua Amor ana sura gani. Ndevu, au hana? Koti la aina gani? Ngozi nyeusi kiasi gani, ili hadhira iamini kwamba polisi angemtilia shaka? Akishachagua, ameifanya kazi ya yule polisi kituoni. Katika usomaji, Amor ni mtu aliyevaa nguo zake alizotoka nazo nyumbani, na jioni ya leo Shavi atasomwa na mwanamke. Mtajikuta mnamtafuta mtuhumiwa bila kuonyeshwa. Hapo ndipo ninapopataka.

Kuna na jambo la sauti. Tamthilia hii ni ya simu, na baadhi ya simu hizo huenda hazikupigwa kabisa. Amor anazungumza na watu ambao pengine wamo kichwani mwake tu. Taa ingelazimika kutuambia nani yupo na nani hayupo. Karatasi haisemi. Sikilizeni pia yale mawaidha anayowapa ndugu zake, yanayorudi kama kiitikio: mara wajifiche, wasivae chochote cha kutiliwa shaka, mara wajitokeze kwa makusudi. Yanapinzana, na mwandishi hayapatanishi.

Tunachopoteza kipo, nisiwafiche. Msongamano wa watu pale Drottninggatan hauwezi kuketi kwenye viti vinne, na hofu ya Amor inakaa mwilini kuliko mdomoni. Nimewaomba wasomaji wasijaribu kufidia kwa kupaza sauti.

Na tafadhali chekeni. Shavi ni kichekesho cha kweli, ameandikwa achekwe, na hadhira inayokaa kimya kwa heshima ya “mada nzito” humuua kabla ya ukurasa wa kumi. Hakuna mapumziko, maswali tutayachukua mwishoni, mkianza na wasomaji kabla yangu. Karibuni viti, wasomaji.