Kuitumia Maktaba ya Mlimani: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Mwaka wa Kwanza

Ndugu wanafunzi, wahadhiri na wakutubi wenzangu, nawakaribisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wengi wenu mmekwisha kuliona jengo jipya la maktaba, lililojengwa kwa msaada wa Serikali ya China na kufunguliwa na Rais John Magufuli tarehe 27 Novemba 2018. Linapokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja, na limejengwa liweze kuhifadhi vitabu 800,000. Ni jengo la kujivunia, nami najivunia. Hata hivyo, mtu anaweza kuingia humu kila siku kwa miaka mitatu, akapata kiti, meza, umeme wa kuchajia simu na mtandao, akahitimu, na bado asiwe ameitumia maktaba. Hilo ndilo linalonisumbua, na ndilo nililokuja kulizungumza.

Mtazameni mwanafunzi anayefanya utafiti kuhusu zao la korosho. Amepekua intaneti kwa simu hadi usiku wa manane, ameipata makala anayoihitaji, lakini kila akijaribu kuifungua anadaiwa makumi ya dola. Mwishowe ananukuu ikisiri peke yake, yaani muhtasari wa makala, ilhali makala hiyohiyo huenda imekwisha kulipiwa kwa ajili yake. Maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti nchini zimeunda umoja uitwao COTUL ili zigharimie kwa pamoja majarida ya kitaaluma ambayo chuo kimoja kingeshindwa kuyalipia. Vilevile, mwaka 2002 ulianza mpango wa HINARI wa majarida ya tiba, mwaka 2003 ukafuata wa AGORA wa kilimo, na kwa mipango hiyo, ambayo leo imo ndani ya Research4Life, wachapishaji huziruhusu taasisi za nchi zenye kipato kidogo kusoma bure au kwa ada nafuu. Haki hizo zimetolewa kwa taasisi, si kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo njia ya kuzifikia ni maktaba. Nawasihi, msilipie makala yoyote kabla ya kumuuliza mkutubi, na mkimuuliza msione haya, kwa kuwa kuulizwa ndiyo kazi yake.

Kuhusu kuazima na kurejesha vitabu mtaelekezwa dawatini, sitawachosha. Nataka nikae zaidi kwenye mkusanyo tunaouita East Africana, yaani wa maandishi yanayohusu Afrika Mashariki.

Chuo hiki kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikahamia hapa Mlimani mwaka 1964. Kilikuwa bado kichanga pale sheria ya mwaka 1962 ilipowataka wachapishaji wa nchini kuleta kwenye maktaba yake nakala ya machapisho yao. Ndiyo sababu leo tunayo magazeti, ripoti za serikali na vijitabu ambavyo hakuna duka lililowahi kuviweka kwa zaidi ya mwaka. Zimo tasnifu za waliowatangulia, ambazo mtu anayetafuta mada anapaswa kuzisoma kabla ya kurudia kazi iliyokwisha kufanywa. Yamo pia makaratasi ya Hans Cory, aliyeandika kwa kina juu ya mila na sheria za jadi za makabila ya Tanganyika.

Zaidi ya hayo, zimo hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo katalogi yake, iliyotayarishwa na J.W.T. Allen, ilichapishwa mwaka 1970. Nakumbuka hati ya kwanza niliyowekewa mezani: karatasi imegeuka rangi ya chai, na kila ubeti wa utenzi umelazwa katika mstari mmoja, vipande vyake vinne vimetengwa kwa alama ndogo za nakshi. Nilidhani kwamba kwa kuwa najua Kiswahili na nazijua herufi, nitasoma. Nilikwama mstari wa kwanza. Mwandishi alitumia herufi moja, ba, kwa sauti za b, p na mb, kwa hiyo msomaji hana budi kulijua neno kabla ya kulisoma, na kulijua huko hutokana na kuzizoea tungo zenyewe.

Vitu hivi haviazimwi. Husomewa palepale, kwa mikono mikavu, na mwenye kunukuu hutumia penseli, kwa sababu tone moja la wino likiangukia karatasi ya namna ile halitoki tena.

Kama miongoni mwenu yupo aliyesoma chuoni, yaani madrasa, kwao Pemba, Tanga au Kilwa, na herufi hizo anazisoma bila kukwama, namwomba anione baada ya mhadhara huu. Katalogi inazitaja hati hizo kwa ufupi tu, nasi tunahitaji wasomaji wa kukaa nazo mstari kwa mstari.