"Hakuzimia" Si Jibu

Makocha, walimu wa michezo, na wazazi mliokaa kule nyuma, karibuni. Naanza na neno tunalolisema kila uwanjani mtoto akigongwa kichwa: "Hakuzimia." Tukishalisema, tunammwagia maji utosini, anarudi kucheza. Neno hilo tuliache leo. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii kabisa. Wanaozimia ni kama mmoja kati ya kumi.

Kumbukeni fainali ya Kombe la Dunia, 13 Julai 2014, pale uwanja wa Maracanã, Brazil. Dakika ya 17, kiungo wa Ujerumani Christoph Kramer anagongwa usoni na bega la Ezequiel Garay wa Argentina. Anaanguka, anahudumiwa, anarudi. Anakimbia, anakaba, anatoa pasi. Ukimtazama kutoka jukwaani, mzima. Kisha anamfuata mwamuzi, Nicola Rizzoli, anamuuliza: hii ndiyo fainali? Mwamuzi akadhani anatania, akamtaka arudie swali. Dakika ya 31 ndipo akatolewa. Baadaye Kramer alisema kipindi kile hakikumbuki. Dakika kumi na nne, ndugu zangu! Madaktari wapo, kamera za dunia nzima zinamtazama. Sasa wewe mwenye chupa ya maji na bandeji moja, utamtambua kwa macho tu?

Ndiyo maana mchezaji aliyegongwa anaulizwa. Wala usimuulize "uko sawa?", maana hakuna mchezaji atakayejibu hapana. Muulize: tuko uwanja gani? Hiki kipindi cha ngapi? Nani kafunga bao la mwisho? Mechi iliyopita tulicheza na nani? Tulishinda? Akikosea hata moja, nje. Akiyajibu yote lakini kichwa kinamuuma, anayumba, anaona ukungu, au amekuwa mzito kuliko kawaida yake, nje vilevile. Siku hiyo harudi, hata akiapa kwamba amepona.

Najua kuna anayesema moyoni: huyo ndiye mshambuliaji wangu, na zimebaki dakika kumi. Basi sikiliza. Kichwa kinaposimama ghafla, ubongo unaendelea kwenda ndani ya fuvu. Nyuzi za neva zinavutwa, chumvi za ndani na nje ya seli zinavurugika. Kuzirudisha mahali pake kunataka nguvu nyingi, na wakati huohuo damu inayoleta sukari imepungua. Pigo la pili likimkuta hapo, hata dogo, dalili huzidi na kukawia. Kwa vijana, ni nadra lakini imetokea, ubongo huvimba ghafla na mtoto akafa. Kwa dakika kumi?

Mwingine atasema: tulimpeleka hospitali, akapigwa CT, ile picha ya ndani ya kichwa, ikatoka safi. CT hutafuta damu iliyovuja na fuvu lililopasuka. Mtikisiko wenyewe haionyeshi. Picha safi si ruhusa ya kucheza. Lakini hospitali mkimbizeni, msingoje asubuhi, akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyenzake, mkono au mguu ukilegea, asipoamshika, au majimaji yakimtoka puani au masikioni.

Nyumbani, siku mbili za kwanza apumzike na simu aipunguze. Msimfungie chumba chenye giza wiki nzima. Hilo nalo humchelewesha. Atembeetembee. Maumivu apewe paracetamol. Aspirini na ibuprofeni ziacheni kwanza, zisije zikaongeza damu kuvuja.

Kurudi uwanjani ni kwa hatua, kila hatua angalau saa 24: kutembea, kukimbia taratibu, mpira peke yake, mazoezi na wenzake bila kugongana, mazoezi kamili, ndipo mechi. Kabla ya kuanza mazoezi na wenzake, dalili ziwe zimekwisha na daktari amemwona. Zikirudi, anashuka hatua moja. Na darasani arudi kikamilifu kabla ya mechi. Mkubwa huchukua kama wiki mbili, mtoto hata nne, na wengine zaidi.

Simameni wawili wawili, mmoja kocha, mmoja mchezaji aliyegongwa. Kocha, usisome kwenye karatasi. Anza: tuko uwanja gani?