Alfa Nne, Beta Mbili: Kwa Nini Tunaomba Damu ya Ukoo Mzima

Wauguzi na wanamaabara wenzangu, leo nina hali moja tu: wingi wa triptesi-alfa wa kurithi. Watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, Bethesda, walieleza chanzo chake mwaka 2016, baada ya kufuatilia familia ambazo triptesi ilikuwa juu kizazi hadi kizazi.

Triptesi ni kimeng'enya cha seli za masti, zilezile zinazomwaga histamini mzio unapomshika mtu. Mwenye hali hii amerithi nakala ya ziada ya jeni TPSAB1, ile ya triptesi ya aina ya alfa, kwenye kromosomu ya 16. Aina nyingine ni beta. Wengine huwashwa, tumbo huwasumbua, au huzidiwa vibaya wakiumwa na nyuki. Wengine hawana dalili yoyote, na hao nao tunawahitaji.

Kwanza chora ukoo: mraba mwanamume, duara mwanamke, kivuli kwa mwenye dalili. Neno "kaka" hubeba na binamu, "mama" hubeba na mama mdogo, kwa hiyo uliza: mmezaliwa tumbo moja, baba mmoja? Dalili ziulizwe kabla ya majibu kutoka. Akishaambiwa ana jeni, mtu hukumbuka kila muwasho aliowahi kupata.

Damu ya vinasaba iingie kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Ya triptesi iachwe igande kama dakika 30, kisha izungushwe kwenye mashine. Msiichukue mgonjwa akiwa amezidiwa, kwani kipimo kitakuwa kimepanda. Subirini angalau saa 24 tangu dalili zote ziishe. Angalieni na figo, maana zikishindwa kazi triptesi hupanda pia. Maabara nyingi huweka kikomo cha nanogramu 11.4 kwa mililita, ilhali tunaanza kushuku ikizidi 8. Wengi wameambiwa "uko sawa" kwa sababu hiyo.

Sasa kuhesabu nakala. Kwa kawaida mtu ana nne, za alfa na beta kwa pamoja, mbili kutoka kwa kila mzazi. Usomaji wa jumla wa jeni hukosea hapa, kwa sababu alfa na beta zinafanana mno, na vipande vyake hupangwa mahali pasipo pake. Inatakiwa PCR ya matone, yaani njia ya kunakili jeni mara nyingi ili ihesabike: sampuli hugawanywa kuwa maelfu ya matone, kila tone likasomwa peke yake.

Tuseme jibu ni alfa nne, beta mbili. Huenda kila mzazi alitoa alfa mbili na beta moja. Huenda mmoja alitoa alfa tatu na beta moja, mwenzake alfa moja na beta moja. Mashine haitofautishi, lakini kwa watoto wa mtu huyo, tofauti ni kubwa: katika hali ya kwanza kila mtoto atarithi ziada, katika ya pili kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Damu ya wazazi ndiyo itakayoamua.

Wazazi wakiwa wamefariki, pimeni watoto wa mgonjwa. Mtoto asiye na nakala ya ziada huelekeza kwenye mpangilio wa pili. Na mara nyingi ndiye yule ambaye familia ilimwacha nyumbani kwa kuwa haumwi.